Kitovu cha Papa Nyundo na Kitovu cha Sange

Asubuhi moja katika diko la Kigombe, kusini ya mji wa Tanga, nilimkuta bibi mmoja mchuuzi wa samaki akipangua fungu la papa wachanga waliotolewa usiku ule kwenye jarife, yaani wavu wenye macho makubwa. Walikuwa papa nyundo, urefu wao haukuzidi mkono wa mtu, na vichwa vyao vilikuwa bado laini, ncha zake zimelala nyuma kama masikio ya mbuzi. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi alimpindua mmoja akaniwekea kidole katikati ya mapezi mawili ya kifuani, mahali palipokuwa na kovu bichi. "Tazama, mwanangu," akasema, "huyu ana kitovu. Hakuanguliwa huyu, kazaliwa." Nikamuuliza kama basi papa ni mnyama, si samaki. Akacheka. "Hayo waulize waliosoma. Mimi ninachokijua ni kwamba ana kitovu."

Bibi alisema kweli, na swali langu halikuwa la kipuuzi kama nilivyodhani mwenyewe baada ya kuchekwa. Mtu akiondoka Kigombe, akapita Muheza na kupanda hadi Amani katika Milima ya Usambara Mashariki, safari isiyomaliza siku, anaweza kukutana na kiumbe mwingine mwenye kitovu, mdogo wa kuchukulika kwa mkono mmoja: sange, anayefukua majani makavu chini ya miti mikubwa. Papa nyundo na sange wote wawili hubeba mimba. Watoto wao hulishwa tumboni kwa kondo la nyuma, tena huzaliwa hai wakiwa na alama ya mahali kamba ilipokuwa imeungana na mama. Ilhali papa na changu wanaolala katika chano kimoja hawafanani katika jambo hili hata kidogo, kwa sababu changu humwaga mayai baharini na kwenda zake. Je, kitovu ni ushahidi wa udugu? Si ushahidi, na sababu zake zinahitaji tuwatazame viumbe hawa mmoja mmoja kabla ya kuwalinganisha.

Nianze na sange, kwa kuwa ndiye anayekosewa zaidi. Wengi wakimwona akikatiza njia humwita panya, na wakimwona pua humwita kirukanjia. Si huyu wala si yule. Sange wa misitu ya pwani yetu na ya Usambara Mashariki ana uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo, kichwa na mabega yake yana rangi ya kutu iliyoiva, na kuanzia mgongoni kwenda nyuma ni mweusi. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, hivyo akitembea huonekana kama mtu aliyeinama kutafuta sindano. Pua yake ndefu huipinda huku na huku, akaisokomeza chini ya majani, akafukua kwa kucha, kisha akaramba kwa ulimi mrefu mchwa, siafu, mende, buibui na minyoo anaowaibua. Hufanya kazi mchana na kulala usiku ndani ya kiota cha majani alichokijenga ardhini, ambacho mtu asiyekijua atakipita akidhani ni rundo la takataka zilizokokotwa na upepo. Dume na jike hushirikiana eneo moja na kulilinda, ingawa ni nadra kuwakuta pamoja. Ni ndoa ya watu wanaopishana mlangoni. Mambo haya yalichunguzwa kwa subira kubwa na mtafiti Galen Rathbun miaka ya 1970 katika pwani ya Kenya, kwa jamaa wa karibu wa sange wetu, yule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu.

Wazungu walipomwona sange mara ya kwanza walimpa jina lenye maana ya kirukanjia-tembo: kirukanjia kwa umbo, tembo kwa pua. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka katika kundi moja na virukanjia, baadaye wengine wakamsogeza karibu na sungura, na hakuna aliyeridhika. Ilikuwa ni mpaka miaka ya 1990, jeni zilipoanza kusomwa na kulinganishwa, ndipo ilipobainika kwamba sange hana udugu wa karibu na kirukanjia wala sungura. Ukoo wake ni ule uliopewa jina la Afrotheria mwaka 1998, yaani wanyama wa asili ya Afrika, na ndani ya ukoo huo wamo mhanga, pimbi, fuko-dhahabu, nguva na tembo mwenyewe. Kwa hiyo lile neno "tembo" lililotiwa kwenye jina kwa ajili ya pua tu, kama utani, limegeuka kuwa kweli kwa sababu ambayo aliyelitia hakuijua. Pua haikuhusika kabisa. Mkonga wa tembo na pua ya sange ni vitu vilivyotokea kila kimoja kwa njia yake, na undugu wao umeandikwa mahali pengine, ndani ya chembe za miili yao. Tulishike jambo hili, maana kwenye kitovu tutalikuta tena likiwa limegeuzwa chini juu. Na tukumbuke pia kwamba lugha zetu hazikuwahi kuwachanganya wawili hawa: kirukanjia ana jina lake na sange ana lake. Mwaka 1997 mtaalamu wa wanyama Jonathan Kingdon alipendekeza kwamba jina lile la kirukanjia-tembo liachwe na badala yake litumike "sengi", neno lililochukuliwa kutoka lugha za Kibantu. Ni azimo ambalo limechelewa, lakini tunalipokea.

Papa nyundo hahitaji kutambulishwa kwa watu wa pwani. Wapo wa aina kadhaa. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye ukingo wa mbele wa kichwa chake una mawimbi kama mdomo wa kombe, ambaye katika vitabu huandikwa Sphyrna lewini. Mkubwa wake huweza kuzidi mita 3. Hana mfupa hata mmoja. Kiunzi chake chote ni gegedu, kama lile la masikio yetu, lililokazwa kwa chokaa panapohitaji nguvu. Hana pia kile kibofu cha hewa ambacho changu na kolekole hukitumia kuelea. Badala yake ana ini kubwa lililojaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo sifa, ambayo wazee wetu waliyapaka kwenye mbao za majahazi yao ili maji yasipenye. Ngozi yake ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani huteleza, na ukirudisha mkono hukwaruza kama msasa, kwa sababu imefunikwa na vijimeno visivyohesabika. Na kichwa kile cha ajabu, pamoja na kuyatenga macho mbali, hubeba vitundu vidogo vingi vilivyojaa ute, ambavyo Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678 bila kujua vina kazi gani. Leo tunajua kwamba vitundu hivyo hunasa umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya kiumbe chochote kilicho hai. Papa nyundo akipita juu ya mchanga huyumbisha kichwa kushoto na kulia, na taa, yule samaki bapa, aliyejifukia chini yake hugundulika hata kama haonekani. Sange anafanya kazi iyo hiyo juu ya majani makavu, ila yeye hutegemea kunusa, kusikia na kugusa. Hewa haipitishi umeme kama maji ya chumvi, na kifaa kama kile cha papa kisingemfaa kitu msituni.

Sasa tuingie tumboni, ambako ndiko penye maneno.

Papa na taa wana namna nyingi za kuzaa kuliko mamalia wote wakikusanywa. Wapo wanaotaga mayai yenye ganda gumu kama ngozi na kuyaacha yameng'ang'ania kwenye mwani. Wapo wanaoyaweka mayai tumboni hadi yaanguliwe humo humo, kila mtoto akila kiini cha yai lake mpaka kiishe. Papa potwe, yule mkubwa kuliko samaki wote ambaye watalii humfuata Mafia, ni wa namna hii ya pili: mwaka 1995 huko Taiwan alikutwa jike mmoja mwenye vijusi 300 hivi tumboni. Wapo hata ambao kijusi kimoja hula ndugu zake kabla ya kuzaliwa. Halafu wapo wachache, takriban spishi moja katika kila kumi, ambao wana kondo la nyuma, na papa nyundo ni mmoja wao.

Mwanzo wa mimba ya papa nyundo hauna tofauti kubwa na wa wale wanaobeba mayai. Yai hurutubishwa ndani ya mwili wa mama, kijusi hukaa juu ya kifuko cha kiini na kula akiba iliyomo. Akiba hiyo hutosha kwa sehemu ya kwanza ya mimba tu. Inapokaribia kwisha, badala ya kifuko kile kunywea na kupotea, hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, kikajikunja na kuingiana nao mpaka mishipa ya damu ya mtoto na ya mama ikawa karibu sana, utando mwembamba tu ukizitenga. Damu zenyewe hazichanganyiki, lakini chakula na hewa hupita. Ule mrija uliokuwa ukileta kiini kutoka kwenye kifuko hurefuka ukawa kamba ya kitovu, na kwa papa nyundo kamba hiyo huota vinyuzi vingi pembeni, kana kwamba imesukwa kwa ukindu usiopunguzwa ncha. Kila mtoto hukaa katika chumba chake ndani ya tumbo la mama. Mimba huchukua kati ya miezi 9 na 12, na watoto huweza kuwa kumi na kitu, au kufika 40. Wanatoka wakiwa na urefu wa nusu mita hivi, vichwa vikiwa vimekunjika kama nilivyowaona Kigombe, umbo ambalo bila shaka humrahisishia mama kazi.

Habari hii si mpya. Mwanafalsafa Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba kuna papa fulani mwenye ngozi laini ambaye watoto wake huungana na tumbo la mama kwa kitovu kama watoto wa wanyama. Kwa karne nyingi wasomi walilipuuza andiko hilo wakiona ni hadithi za wavuvi, na nadhani kwa sehemu zilikuwa kweli ni habari za wavuvi, maana hakuna anayewapasua papa wengi kama wao. Mnamo mwaka 1842 Mjerumani Johannes Müller alichapisha uchunguzi wake ulioonyesha kwamba Aristotle hakukosea. Ningependa kuamini kwamba katika pwani hii yupo bibi wa bibi wa yule wa Kigombe aliyelijua jambo hilo wakati Ulaya bado wakilibishia.

Kwa sange, na kwa mamalia wote wenye kondo, wakiwemo binadamu, mpango ni mwingine. Yai la sange ni dogo lisiloonekana kwa macho na halina akiba ya maana, hivyo kijusi hakina muda wa kusubiri. Hulazimika kujichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi tangu mwanzo. Kondo lake la kudumu halijengwi na kifuko cha kiini. Linajengwa na tando nyingine mbili, moja ikiwa ni ile ambayo katika yai la kuku hushikamana na ganda ili kupitisha hewa na kutunza uchafu. Hapo ndipo penye jawabu la swali nililomuuliza bibi. Kondo la papa na kondo la sange ni kama nyumba mbili zenye paa linalofanana, moja imeezekwa kwa makuti na nyingine kwa mabati: ukisimama mbali unaona paa tu, ukipanda ukagusa unajua mafundi hawakufundishwa na mtu mmoja. Tena hata ndani ya jamii ya papa wenyewe, na kwa mijusi kadhaa inayozaa pia, kondo limezuka zaidi ya mara moja kwa nyakati tofauti. Mahali popote ambapo mama amebaki na mtoto tumboni muda mrefu, na utando wa mtoto ukagusana na ukuta wa mama, njia ya kupitisha chakula imekuwa karibu kufunguka.

Baada ya kuzaa, mfanano unakwisha ghafla. Mama papa nyundo huja kuzalia kwenye maji ya kina kifupi, katika ghuba na mbele ya midomo ya mito, akishamaliza huondoka. Watoto wale 20 au 30 hawana mama tena. Wana meno, wana ule uwezo wa kunasa umeme, na wana akiba kidogo iliyobaki kwenye ini. Sange jike, ambaye mimba ya jamaa yake wa Kenya imekadiriwa kuchukua siku 42 hivi, huzaa kwa kawaida mtoto mmoja, humficha ndani ya kiota wiki mbili tatu na kumnyonyesha. Maziwa ndiyo yanayomfanya sange awe mamalia. Neno lenyewe limetokana na titi, halikutokana na kitovu. Laiti kundi hili lingepewa jina kwa kigezo cha kuzaa hai, tungelazimika kuingiza humo papa, taa, mijusi kadhaa na nyoka wengi, wakiwemo vipiri, na tungemtoa yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata ambaye hutaga mayai kisha akanyonyesha.

Ipo tofauti nyingine isiyoonekana kwa jicho, nayo kwangu ni ya kustaajabisha kuliko zote. Mwezi Desemba 2001, katika bustani ya wanyama ya Henry Doorly mjini Omaha, Marekani, alizaliwa mtoto wa papa nyundo wa aina ndogo yenye kichwa kama sepetu, ndani ya tangi ambalo lilikuwa na majike matatu tu na hakuna dume. Wengi walidhani mama alihifadhi mbegu za dume tangu alipokuwa baharini. Mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wa jeni yalitangazwa: mtoto hakuwa na chembe ya urithi wa baba. Yai la mama lilikuwa limejianzisha lenyewe. Jambo hili haliwezi kumtokea sange, wala mamalia yeyote katika hali ya kawaida, kwa sababu kwa mamalia zipo jeni ambazo hubeba alama ya upande zilikotoka. Nyingine hufanya kazi ikiwa tu zimetoka kwa baba, na nyingine ikiwa tu zimetoka kwa mama. Baadhi ya zile za baba zinahusika moja kwa moja na ujenzi wa kondo la nyuma. Pasipo baba, kondo la sange haliwezi kukua vizuri na mimba haifiki mbali. Kumbe makondo haya mawili yanatofautiana hadi kwenye swali la nani anahitajika ili yajengwe.

Tukisha kuliondoa kitovu kwenye ushahidi, swali la udugu linabaki wazi: papa ni nani kwa sange? Hapa lugha yetu ya ukoo inatusaidia, kwa sababu Mswahili hajui "ndugu" mmoja tu. Yupo ndugu wa tumbo moja, yupo wa mlango mmoja, na yupo wa ukoo mmoja ambaye mnaulizana mara nne kabla ya kupata babu mliyekutana. Basi chukua chano cha diko la Tanga na uweke humo viumbe wanne wa baharini: nguva, changu, papa nyundo na silikanti. Wote huogelea, na wote kwa desturi ya mazungumzo tunawaita samaki. Sasa mlete sange umuulize nani ni jamaa yake wa karibu.

Wa kwanza ni nguva, na hashindwi na mtu. Ni mamalia, hunyonyesha, tena ni wa ukoo ule ule wa Afrotheria. Nguva ni jamaa wa karibu zaidi wa sange kuliko alivyo panya wa jikoni kwako. Wa pili, watu wengi hutarajia awe papa kwa ajili ya kitovu, au changu kwa kuwa ana mifupa. Siye yeyote kati yao. Ni silikanti. Samaki huyu mzito, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyokaa juu ya shina la nyama kama vijiguu, alidhaniwa ametoweka duniani pamoja na dinosaria hadi tarehe 22 Desemba 1938, alipoonekana miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini, na kutambuliwa kuwa wa ajabu na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo. Katika maji ya Tanga alianza kunaswa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, na mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ambayo Kigombe imo ndani yake. Ndani ya mapezi yake yenye nyama mna mpangilio wa mifupa unaolingana na ule wa mguu wa sange na wa mkono wako unaoshika simu hii. Babu waliyekutana silikanti na sange aliishi takriban miaka milioni 400 iliyopita. Wa tatu ni changu, ambaye ni samaki wa mifupa aliyeachana nao mapema kidogo kuliko hapo.

Papa nyundo, mwenye kitovu chake, anakuja wa mwisho. Njia ya wenye gegedu na njia ya wenye mifupa ziliachana zaidi ya miaka milioni 420 iliyopita. Maana yake ni kwamba changu na sange ni watu wa mlango mmoja, na papa ni wa mlango wa pili, japokuwa changu na papa huuzwa kwenye meza moja na sange akibaki msituni. Msomaji atauliza: basi neno "samaki" ni kosa? Si kosa, ni neno la maisha ya majini, la nyavu na la sufuria, na kazi hiyo linaifanya vizuri. Halikukusudiwa kueleza nasaba, kama vile neno "jirani" lisivyotueleza nani atarithi shamba.

Silikanti naye huzaa hai. Hili lilijulikana mwaka 1975, jike mmoja aliyehifadhiwa makumbusho alipopasuliwa akakutwa na watoto watano tumboni, kila mmoja akiwa bado na mfuko wake mkubwa wa kiini na bila kondo. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umekadiria kwamba mimba yake huchukua miaka 5. Mimba ya miaka mitano kwa samaki wa Tanga, siku 42 kwa sange, na jamaa hawa wawili wakiwa na udugu wa karibu kuliko alio nao yeyote kati yao na papa wa miezi tisa. Ukitaka kuipima nasaba kwa namna ya kuzaa utapotea kila mara.

Niweke hapa kijambo kimoja nje kidogo ya tumbo, kwa kuwa mara nyingi hutajwa kama mpaka usiovukika kati ya wawili hawa: joto la mwili. Sange huwasha moto wake mwenyewe; joto lake hukaribia letu, na kwa ajili hiyo hula karibu mchana kutwa. Papa nyundo hana moto huo, huchukua joto la maji yanayomzunguka. Hata hivyo, mwaka 2023 watafiti waliokuwa wamewafunga papa nyundo vipimo huko Hawaii walieleza kwamba samaki hawa huzama usiku hadi zaidi ya mita 800, kwenye maji yenye nyuzi 5 hivi, na mwili wao haupoi wakiwa wanashuka. Wanaziba matamvua. Kwa kuwa matamvua ndipo damu inapokutana na maji, kuyaziba ni kama kufunga dirisha wakati wa kusi; papa hushikilia pumzi, akawinda, kisha akapanda haraka kabla hajaishiwa. Mfano huu pia unatuonya tusiharakishe kuona udugu: shida iliyowakabili ni moja, ya kutunza joto, na kila mmoja amejitafutia dawa yake.

Tofauti inayowagusa watu wa Tanga moja kwa moja ni ile ya mwendo wa uzazi. Sange huzaa mtoto mmoja mmoja, lakini mimba ni fupi, na jike huweza kushika mimba mara kadhaa kwa mwaka. Adui yake mkubwa ni kupotea kwa msitu, kwani pasipo majani makavu ardhini hana chakula wala kiota. Huko Usambara Mashariki, msitu ukisimama naye husimama. Papa nyundo ni kinyume: watoto ni wengi kwa mkupuo, ila jike huchukua miaka mingi kupevuka, na mimba yake ni ya karibu mwaka mzima. Mtu akisikia watoto 40 hudhani kiumbe huyo hawezi kwisha. Changu humwaga mayai kwa maelfu kwa maelfu, na bahari yake imezoea hesabu hiyo. Papa nyundo kwa hesabu ya uzazi yuko karibu na ng'ombe kuliko na changu. Tangu mwaka 2019 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka, na biashara ya mapezi yake kuvuka mipaka iliwekewa masharti ya kimataifa kwa uamuzi wa mwaka 2013. Jarife halichagui. Lile linalotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa ndilo hilo hilo lililowaibua silikanti, na likitegwa kina kifupi huwachukua watoto kabla hawajajua kukimbia.

Kwa hiyo kidole cha yule bibi kilikuwa kimegusa jambo lenye manufaa kuliko swali langu la nasaba. Kovu la kitovu cha papa hufunga ndani ya wiki chache baada ya kuzaliwa, na mtoto wa umri huo hajaweza kwenda mbali. Watafiti wa papa hulitazama kovu hilo kwanza kabla ya kupima urefu. Likiwa wazi, wanajua mazalio yako karibu. Likiwa limebaki mstari hafifu, mtoto ameshaanza kutembea. Nilimuuliza bibi kama wale wa siku ile walikuwa na makovu mabichi wote. Aliwapindua mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja kwa jumla, bila haraka, akafuta vidole kwenye kanga. "Wote," akasema. "Mama yao kazaa hapa hapa mbele, wala si mbali."